Kipande cha kromosomu kinachomnufaisha mbu wa malaria

MBU aenezaye malaria, Anopheles gambiae, ana jozi 3 tu za kromosomu, lakini ndani yake umo ujanja wa kustaajabisha.

Kwa kawaida, mayai na mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu iliyotoka kwa baba hulala sambamba na ya mama, kisha hukatika na kubadilishana vipande. Hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wa tumbo moja kutofanana.

Hata hivyo, katika kromosomu ya pili ya mbu huyo kipo kipande kirefu, kiitwacho 2La, ambacho kwa baadhi yao kimegeuka kichwa chini miguu juu. Mbu akirithi kromosomu moja ya namna hiyo na nyingine isiyogeuka, mpangilio wa jeni hauoani, na kubadilishana hapo hupungua mno. Jeni zilizomo hurithiwa pamoja, kama fungu.

Umbo lililogeuka huonekana zaidi katika maeneo makavu ya Afrika, na huhusishwa na uwezo wa kustahimili joto na ukame. Humo pia imo jeni ya usugu dhidi ya dieldrini, dawa iliyopulizwa majumbani miaka ya 1950. Kwa hiyo dawa ikiwabakiza wenye jeni hiyo, yaweza kuwabakiza pamoja na jirani zake zote.