Mbona chale hufifia?

Iwapo wanuia kuchorwa chale ya jina la mchumba wako mkononi, ngoja kwanza. Sindano hupeleka wino chini ya ile ngozi ya juu inayobambuka kila mara. Huko, chembe za kinga huumeza zikidhani ni adui, ila haziwezi kuusaga. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba chembe hizo zikifa wino humwagika na kumezwa na nyingine. Miaka ikipita punje za wino husogea, herufi zikatanuka. Zile ndogo kabisa husombwa hadi kwenye tezi za kwapani. Nalo jua huivunjavunja rangi. Basi, kijana, omba herufi kubwa zilizoachana, kwani zilizobanana zitageuka doa. Jina lenyewe? Hilo shauri yako.