Kwa nini kinyago cha unga na chumvi hutoa jasho Kyela

Mtoto wa Kyela anayetaka kufinyanga haendi mbali kutafuta mfano. Siku ya Jumamosi vyungu vya Wakisi hushushwa kutoka kwenye mitumbwi na kupangwa sokoni Lyulilo, karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Ni kazi ya akina mama wa Ikombe, ambao hufinyanga kwa mikono mitupu na kuchoma kwa moto wa wazi. Nyumbani, bila udongo wala moto mkubwa, mtoto anaweza kuanza na unga na chumvi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji yasiyofika kikombe yakiongezwa kidogo kidogo huku donge likikandwa. Kukanda huko huimarisha vidole ambavyo kesho vitashika penseli.

Kwa donge lisilopikwa, unga lazima uwe wa ngano. Mchele wa Kyela una sifa nchi nzima, lakini unga wake hauna gluteni, ile protini ya ngano ambayo ikilowa na kukandwa hujisuka nyuzinyuzi na kulishikilia donge. Wa mahindi nao hauna. Mwenye unga wa mchele tu auchanganye na chumvi na maji, kisha aupike kwa moto mdogo huku akikoroga. Wanga ukipata joto hufura na kunata, na donge litashikana.

Chumvi huvuta maji, ndiyo maana ukungu hauoti kwenye kinyago. Tabia hiyohiyo ndiyo huleta taabu huku ziwani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani, na Kyela, yenye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, hufika huko mara nyingi wakati wa masika. Kinyago kilichokauka vizuri hulowa, kikalainika. Chungu cha Mkisi hakipatwi na hayo, kwa sababu moto wa zaidi ya nyuzi 500 hufukuza hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo, na udongo huo haurudi tena kuwa tope. Donge letu limekaushwa tu. Basi litengenezwe jembamba, lianikwe juani na kugeuzwa kwa siku kadhaa, kisha lipakwe vanishi pande zote. Kazi hiyo ya vanishi aifanye mtu mzima, nje ya nyumba.

Sasa hatari yenyewe, na hapa naomba mzazi asome polepole. Zaidi ya theluthi ya uzito wa donge hili ni chumvi. Kipande cha gramu 15 kina takriban gramu 5, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima. Kwa mtoto mdogo, vipande vichache vinaweza kupandisha chumvi kwenye damu hadi maji yakatoka kwenye chembe za ubongo. Kwa maoni yangu, aliye chini ya miaka mitatu asipewe kabisa, maana bado hupeleka kila kitu mdomoni.

Mtoto akila, usimtapishe. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji safi na umpeleke kituo cha afya bila kusubiri dalili. Kiu kali, kutapika, kulegea au degedege ni dharura. Hospitali huishusha chumvi hiyo kwa uangalifu, kwa sababu ikishushwa vibaya ubongo unaweza kuvimba.