Kabla ya Jeneza Kupanda Ndege

Katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Othaya na Mukurweini hata Karatina, Nanyuki na Kerugoya, ni nadra siku hizi kuipata aila isiyokuwa na mtoto, ndugu au mkaza mwana anayeishi Marekani, Uingereza, Ujerumani au katika nchi za Ghuba. Na kwa kuwa mauti hayachagui mahali, hutokea simu ikalia usiku na kuleta tanzia kutoka mji ambao waliobaki nyumbani hawajapata kuuona ila katika picha. Yanayofuata twayajua sote: jamaa hukusanyika, kamati huundwa, mweka hazina huteuliwa, nambari ya michango hutangazwa katika kundi la WhatsApp, na haziishi siku nyingi tarehe ya mazishi imekwisha pangwa na padri au mchungaji amekwisha arifiwa. Moyo huo wa kusaidiana ni wa kushukuriwa sana. Walakini, katika kazi yangu ya kuwasaidia jamaa wa sehemu hizi kutengeneza hati za wafu wao, nimeona mara nyingi kamati ikianza na fedha na tarehe, ilhali swali la kwanza, ambalo bila ya kujibiwa maiti haiwezi hata kutolewa katika chumba ilimohifadhiwa, halijaulizwa bado: ni nani mwenye haki ya kutia sahihi?

Hospitali, polisi na kampuni za mazishi za ng'ambo hazimtambui shangazi, mjomba wala mzee wa ukoo, hata awe na heshima ya namna gani kwao Tetu au Mathira. Humtafuta mtu ambaye sheria ya nchi yao imemtaja kuwa ndiye wa karibu zaidi na marehemu, na aghalabu mtu huyo ni mume au mke wa ndoa, kisha watoto waliokwisha kubaleghe, kisha wazazi. Ikiwa marehemu alioa Nyeri, kisha akafunga ndoa nyingine au akaishi kinyumba na mtu huko Dallas au Lowell, kamati inaweza kuchanga mamilioni, lakini kalamu imo mkononi mwa mtu mwingine. Wala tusidhani kwamba sheria yetu wenyewe itatatua jambo hili kwa wepesi. Kwetu maiti si mali ya mtu, ila haki ya kuizika hugombewa, na kesi iliyotufundisha hayo ni ile ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986: mjane wake, Wambui, binti wa aila ya Waiyaki, alitaka amzike mumewe Ngong, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Siaya; Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki mwezi wa Mei 1987, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 ya mwezi huo, baada ya kulala mochari miezi 5. Kesi hiyo ilikuwa ya maiti iliyoko Nairobi, ambako wagombanao wangeweza kukutana kortini kila asubuhi. Maiti iliyoko ng'ambo hukaa mahali ambapo kila usiku unalipiwa kwa fedha za kigeni, na wagombanao hawana pa kukutania isipokuwa katika simu.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa moyo wote, kwamba kikao cha kwanza cha jamaa kimtaje mtu mmoja kwa maandishi, naye awe yule ambaye sheria itamkubali. Na ikiwa mwenye haki ni mzazi aliye mzee asiyeweza kusafiri, atie sahihi hati ya uwakala mbele ya wakili, amkabidhi madaraka jamaa aliye karibu na maiti, na hati hiyo ifuatane na barua ya chifu, nakala za vitambulisho, na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kinachoonyesha udugu. Michango ingoje siku moja.

Likiisha hilo, liko jambo la majina, ambalo huonekana dogo hata litakapozuia jeneza. Tuseme mwanamke alibatizwa Grace, akaitwa Wanjiru kwa jina la nyanya yake, na jina la babaye likafuata katika kitambulisho cha Kenya. Alipofika ng'ambo akaolewa, akachukua jina la mume, na Wanjiru ikafupishwa kuwa herufi moja katikati. Sasa hospitali imeandika jina la ndoa, pasipoti ina jina la babaye, na tikiti ya mizigo imeandikwa kwa kusikia katika simu. Afisa wa ubalozi anazitandaza karatasi hizo mezani, na mbele yake, kwa mujibu wa maandishi, wamelala wanawake watatu. Yeye hawezi kuikubali maiti moja kwa majina matatu, naye hana kosa. Ila kuirekebisha shahada ya kifo ya nchi ngeni kwaweza kula juma zima au zaidi, na kusahihisha tahajia kabla ya msajili kutia muhuri ni kazi ya dakika chache. Jamaa aliye karibu na asome kila herufi.

Hati zenyewe, kwa jumla, hazitofautiani sana kutoka nchi hata nchi: shahada ya kifo, waraka wa daktari kwamba maiti haina maradhi ya kuambukiza, waraka wa aliyeitia dawa, kiapo cha kampuni ya mazishi kwamba ndani ya jeneza hamna ila maiti na nguo zake, pasipoti ya marehemu, na idhini ya ubalozi wetu. Kila nchi huongeza ya kwake. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu maiti itoke Uingereza na Wales mpaka hakimu anayechunguza vifo apewe taarifa, na kwa kawaida siku 4 kamili hupita kabla ya jeneza kuondoka. Na huko Marekani mashirika ya ndege hupokea maiti kutoka kwa kampuni zilizosajiliwa kwao tu, hata ndugu hawezi kuipeleka mwenyewe uwanjani. Mtu akizijua kanuni hizi hatatangaza tarehe ya mazishi kabla ya nambari ya shehena ya ndege kupatikana.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo nataka msomaji alishike kuliko mengine yote. Mwaka 2021 Bunge letu liliarifiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa majumbani, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili hivi, na ya kwamba vifo vingi vilielezwa kuwa moyo umesimama. Moyo husimama katika kila kifo. Neno hilo halimwambii mzazi wa Kirinyaga kitu chochote juu ya bintiye wa miaka 25 aliyeondoka akiwa mzima wa afya. Basi jamaa wakiwa na shaka, wasingoje jeneza lifike ndipo walitaje. Maiti ikiisha kutiwa fomalini, dawa hiyo huingia katika damu na viungo, na uchunguzi wa sumu au wa madawa huwa mgumu au hauwezekani kabisa. Majeraha na mifupa iliyovunjika daktari wa Nyeri au Nairobi ataweza kuyaona, bali mengine yamekwisha kupotea. Ombi la uchunguzi liandikwe, lipelekwe ubalozini Riyadh na kwa wakala aliyempeleka, kabla ya mwenye haki kutia sahihi ya kuruhusu dawa. Na maiti ikifika, daktari wa serikali aiangalie tena kabla ya mazishi, kwani kufukua kaburi baadaye kunataka idhini ya serikali, na kunaiumiza nyumba mara ya pili. Huko Ghuba pia mwajiri, yaani kafili, ana sehemu yake katika hati za kuondoka, na sheria ya kazi ya Saudi Arabia humtwika mwajiri gharama ya kumsafirisha mfanyakazi aliyekufa. Watumishi wa majumbani wana kanuni zao za pekee, hivyo mkataba utafutwe na usomwe kabla ya mtu yeyote kutoa shilingi.

Ama gharama, kutoka Marekani huweza kupita dola 10,000, nazo hutegemea uzito wa jeneza na urefu wa njia. Wazazi wanaokwenda Ulaya kuwatazama wajukuu kwa viza ya Schengen wamekwisha kulazimishwa kukata bima ya yuro 30,000 inayogusa pia kurudishwa kwa maiti, na nimeona jamaa wakichanga huku karatasi ya bima imo sandukuni.

Wako wasioweza kuzimudu fedha hizo, nao huona haya kama kwamba wamemtupa mtu wao. Ningependa waondokewe na haya hiyo. Wazee wetu wa Gikuyu, kabla ya wamisheni wa Tumutumu na wa Mathari kuja mwanzoni mwa karne ya 20, hawakuwazika watu wote. Kaburi lilikuwa la wachache wenye umri na mali, na wengine walilazwa porini, kwa kuwa kuigusa maiti kulileta unajisi uliohitaji kutakaswa. Jeneza, msafara wa magari na kaburi shambani ni ada tuliyoipokea na kuipenda, na ina haki ya kupendwa, lakini si sheria ya tangu na tangu. Hata kuichoma maiti na kuzika majivu si jambo geni kwetu: Kenneth Matiba wa Murang'a alichomwa mwaka 2018; Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alichomwa mwaka 2011 katika jeneza lililosukwa kwa gugumaji, mafunjo na mianzi. Na hapa hapa mjini Nyeri, katika kaburi alimolazwa Baden-Powell, mwasisi wa skauti, mwezi wa Januari 1941, yamo majivu ya mkewe Olave, aliyefia Uingereza mwaka 1977 akaletwa kwa mumewe. Majivu yana hati zake, lakini hayataki jeneza lenye bamba la zinki wala sehemu kubwa ya ndege. Mwenye kupinga atasema kwamba watu wa Nyeri wanajua uchungu wa kukosa maiti kuliko wengine, maana Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kaburi lake halijaonyeshwa kwa ahali yake hata leo. Ni kweli, nami naiheshimu hoja hiyo. Ila waliomzika Kimathi waliificha maiti kwa kukusudia, na jamaa anayechagua majivu hafichi kitu.

Jeneza likifika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, halitoki kwenye mlango wa abiria, ambako mara kwa mara mimi huwakuta akina mama wamesimama na maua. Hutoka kwenye maghala ya mizigo, baada ya afisa wa afya wa bandari na watu wa forodha kuzipitia hati. Linakuwa ndani ya kasha, na upande wa kichwa umetiwa alama ili lisiinuliwe vibaya. Ndani, kwa majeneza yatokayo nchi nyingi, mna bamba la zinki lililotiwa risasi pembe zote, nalo hukatwa mochari na watu wenye ujuzi, Nyeri, Mathari au Tumutumu, mbele ya jamaa wawili au watatu, kabla ya umati kufika kuutazama uso; lisikatwe kaburini kamwe. Na wachimbaji wapewe vipimo mapema: jeneza la Marekani ni pana kuliko la seremala wa Karatina, na kaburi lililochimbwa kwa mazoea litakuwa jembamba, ndipo vijana watakapolazimika kuchonga udongo mwekundu kwa majembe huku mchungaji amefunga kitabu na mama wa marehemu ameketi akitazama. Ikiwa ni miezi ya masika, Machi hata Mei, mtu aende kuiangalia njia ya kuingia bomani, kwa kuwa gari zito halipandi matope ya mteremko wa Nyandarua.

Tena kabla ya kampuni ya ng'ambo kufunga jalada lake, iombwe nakala kadhaa za shahada ya kifo zenye muhuri wa asili, si moja tu. Moja hubaki ubalozini, moja kwa afisa wa bandari. Benki itaitaka moja, na mahakama ya mirathi hapa Nyeri itaitaka nyingine, pengine baada ya mwaka, wakati ambapo aliyekuwa akipokea simu zetu huko amekwisha kuhama kazi.