Timu za Nyama ya Moshi Hushindana na Saa

Muulize mtu asiyewahi kushiriki mashindano ya upishi wa timu ni nini kinacholeta ushindi, naye atakutajia mkono wa mpishi, au viungo ambavyo ukoo fulani umevificha tangu enzi za bibi. Washiriki wenyewe hupenda kuikuza imani hiyo, maana siri inauzika kuliko ratiba. Lakini zisome kanuni za mashindano ya nyama ya moshi ya Marekani, ambako watu wenye kazi zao za wiki nzima hukusanyika mwishoni mwa juma na kupika usiku kucha uwanjani, uone wanachopimwa hasa. Kwa kiasi kikubwa hupimwa kama watu wachache wanaweza kugawana kazi na kuitii saa.

Mengi ya mashindano hayo husimamiwa na Kansas City Barbeque Society, chama kilichozaliwa katikati ya miaka ya 1980 katika jiji la Kansas City, Missouri. Nyama ni za aina nne: kuku, mbavu za nguruwe, bega la nguruwe na kidari cha ng'ombe. (Wasiokula nguruwe hawakusahaulika kabisa: mjini Memphis kuna sinagogi linaloandaa mashindano yake bila nyama hiyo.) Moto uwe wa kuni, mkaa au chembe za mbao zilizoshindiliwa, gesi ni ya kuwashia tu. Nyama hukaguliwa ikiwa mbichi, na ni marufuku kuitia kiungo chochote kabla ya ukaguzi. Kisha kuna saa za kuwasilisha. Kwa kawaida kuku ni saa sita mchana, mbavu saa sita na nusu, nguruwe saa saba, na ng'ombe saa saba na nusu. Kila nyama ina nafasi ya dakika kumi, tano kabla ya saa iliyotangazwa na tano baada yake. Boksi likichelewa halipokewi, hata kama limebeba nyama tamu kuliko zote uwanjani.

Kidari ndicho kinachoonyesha ugumu wa jambo hili. Ni msuli wa kifua, wenye kilo tano hadi saba ukiwa mzima, na ng'ombe ameutumia maisha yake yote kubebea mwili. Nyama choma tuliyoizoea hupigwa moto mkali na kuliwa muda si mrefu. Kifanyie kidari hivyo, utatafuna mpaka taya zichoke. Kinataka joto dogo, nyuzi 110 hivi za Selsiasi, kwa saa kumi au zaidi, mpaka nyuzinyuzi za kolajeni ziyeyuke na kipimajoto kilichochomekwa katikati kisome nyuzi 93 au 95. Na njiani kuna mtego. Joto la ndani likifika nyuzi 65 au 70, hugoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa sababu maji yanayovukizwa juu ya nyama huondoka na joto lote linaloletwa na jiko. Saa tisa za usiku, mtu aliyechoka akitazama namba isiyosogea, mkono unamwasha kuongeza kuni. Timu iliyojipanga imekwisha kumwandikia mtu wa zamu la kufanya: kifunge kidari kwa foili, kirudishe jikoni, moto uuache ulivyo. Kikiiva hufungwa kwa taulo na kulazwa ndani ya kasha la barafu lisilo na barafu, kikapumzika saa mbili au zaidi. Mapumziko hayo ndiyo akiba ya timu. Kidari kilichowahi kinasubiri humo bila kuharibika. Kilichochelewa hakina pa kukimbilia.

Mchana kazi hubadilika sura. Kuku anapopelekwa, mbavu zinapakwa rojo na bega linachambuliwa, yote kwa wakati mmoja. Kila nyama huingia kwenye boksi jeupe la foamu, lile la kufungashia chipsi, ambalo timu nyingi hulitandika majani ya saladi au kotimiri. Vipande visipungue sita, kwani mezani wanakaa majaji sita. Mmoja anakata, mwingine anafuta tone la rojo ukingoni mwa boksi, wa tatu analibeba kama anayebeba mayai. Kanuni yenyewe inamtambua mpishi mkuu mmoja na wasaidizi kadiri atakavyowahitaji.

Mtu atasema: lakini ladha ndiyo yenye uzito mkubwa. Ni kweli. Jaji hutoa alama 2 hadi 9 kwa mwonekano, ladha na ulaini, kisha hesabu huipa ladha asilimia 57 hivi, ulaini 29 na mwonekano 14. Hata hivyo, timu nyingi hununua viungo vilevile vya dukani, vingine vikiuzwa na mabingwa wenyewe, na zote zinalenga jaji anayeonja matonge mawili tu, hivyo chumvi na sukari huzidi kile ambacho ungempikia mgeni wako nyumbani. Ladha zikishakaribiana hivyo, timu huachana kwenye ulaini, na ulaini unatokana na saa. Kuhusu madai kwamba majaji ni bahati nasibu, boksi hufika mezani kwa namba bila jina la timu, na alama ya chini kabisa kati ya sita hutupwa. Jaji mmoja mwenye kinyongo na pilipili hawezi kuizamisha timu.

Hoja ya fedha ni nzito zaidi. Ada, nyama, mafuta ya gari na jiko la maana havimsubiri maskini, na feni inayoongozwa na kipimajoto inampa mwenye nacho usingizi ambao mwenzake hana. Ubishi hapa sina. Wapo pia wanaopika peke yao na kushinda, jambo linaloonekana kuivunja hoja yangu. Ila mtu wa namna hiyo humkuti bila karatasi ya ratiba iliyogawanywa dakika kwa dakika. Kazi za watu wanne amezipanga kwa zamu ili mikono miwili izimalize.

Baada ya matokeo, kila timu hupewa karatasi ya alama zake, jaji kwa jaji. Kwa timu mpya hiyo ina faida kuliko kikombe. Mwonekano ukianguka kwenye nyama zote nne, tatizo liko kwa mpanga boksi. Ulaini ukianguka kwenye kidari peke yake, linaloulizwa ni nani alikuwa zamu saa tisa usiku.