Hita za Maji Zisizo na Tangi: Pima Baridi Kabla ya Kuagiza

Wafanyabiashara wanaopeleka hita za maji zisizo na tangi katika mikoa ya baridi wanashauriwa wasitazame bei pekee. Hita inayosifiwa Dar es Salaam inaweza kurudishwa dukani Njombe ingali nzima.

Hita hii haihifadhi maji, bali huyapasha yakiwa yanapita. Kupandisha joto la maji yanayopita lita moja kwa dakika kwa nyuzi moja ya Sentigredi huhitaji takriban wati 70. Chukua hita ya kilowati 5.5 na maji ya kuoga ya nyuzi 40. Maji yakiingia na nyuzi 26, mteja hupata lita 5.6 kwa dakika. Yakiingia na nyuzi 12, tuseme asubuhi ya Julai, hupata lita 2.8 tu, yaani nusu. Akifungua bomba zaidi, maji hutoka vuguvugu.

Kuagiza hita ya kilowati 11 nako kuna gharama: kwa volti 230 huvuta ampea 48 hivi, mzigo usiobebeka na nyaya za nyumba nyingi.

Hivyo basi, muuzaji amwulize mteja mambo mawili: baridi ya maji yake na uwezo wa nyaya zake. Zisipotosha, amuuzie hita yenye tangi.