Mrejesho na Urejeshaji: Lugha ya Tahadhari za Bidhaa katika Mpaka wa Busia na Malaba

Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mahindi hayo yalipatikana na sumu zitokanazo na kuvu kupita kiwango kinachokubalika. Barua iliandikwa kwa Kiingereza na kuelekezwa kwa mkuu wa forodha, lakini walioipokea kwa uchungu zaidi walikuwa wafanyabiashara na madereva wa malori waliojikuta wamekwama Busia na Malaba, na ambao hapana shaka wengi wao hawakuiona. Waliisikia tu. Tarehe 10 mwezi huohuo serikali ililegeza msimamo na kuweka masharti: mwingizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha asili, na pawe na cheti kinachothibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Kwa hiyo katika muda wa siku tano ujumbe mmoja ulitoka, ukazua taharuki, kisha ukageuzwa. Makala haya yanachunguza namna ujumbe wa aina hiyo unavyosafiri, na hasa namna Kiswahili kinavyoubeba au kinavyoshindwa kuubeba.

Ni vyema kwanza kufafanua jambo lenyewe. Bidhaa inapogunduliwa kuwa na hatari baada ya kuuzwa, haitoshi kuzuia utengenezaji wake. Sharti ile iliyo madukani iondolewe na ile iliyokwisha kufika nyumbani irudishwe au itupwe. Hilo haliwezekani bila mawasiliano ya pande mbili. Mtengenezaji au mamlaka humfikishia mtumiaji tahadhari, naye mtumiaji hujibu: anayo bidhaa hiyo, imemdhuru, au hajaelewa tahadhari yenyewe. Upande wa pili ukikatika, mamlaka hubaki ikihesabu matangazo iliyoyatoa badala ya pakiti zilizorudi.

Mfano mashuhuri wa kujaribu kuziunganisha pande hizo ulitokea Marekani mwaka 2009. Siagi ya karanga iliyotoka kwa kampuni moja ilikuwa na vijidudu vya salmonella. Watu zaidi ya 700 waliugua na tisa walifariki. Kwa kuwa karanga hizo zilikuwa zimeingia katika biskuti, peremende na vyakula vingine vingi mno, hakuna tangazo la gazeti ambalo lingeweza kuorodhesha kila kitu. Idara za afya zilitengeneza wijeti, yaani kijisanduku kidogo cha programu ambacho mwenye tovuti yoyote aliweza kukipachika katika ukurasa wake. Msomaji aliandika humo jina la bidhaa na kujibiwa papo hapo kama imo katika orodha. Ubora wa wijeti ni kwamba habari hukaa mahali pamoja, kwenye chanzo, na chanzo kikisahihishwa kurasa zote husahihika. Udhaifu wake ni kwamba humfaa tu yule aliye mbele ya kompyuta au simu yenye intaneti, anayejua jina kamili la anachokitafuta, tena katika lugha ya wijeti yenyewe.

Afrika Mashariki imepata visa vyake. Mwaka 2004, ugonjwa uliotokana na aflatoksini uliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya. Tarehe 9 Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilisimamisha vibali vya chapa tano za unga wa mahindi: Dola, Kifaru, Starehe, 210 na Jembe. Januari 2020 chapa nyingine 17 zikafuata. Inashangaza kidogo kwamba majina kama Kifaru, Starehe na Jembe yalimwendea mnunuzi kwa Kiswahili safi, ilhali taarifa ya kuyaondoa rafuni ilitolewa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitosha kuuzia unga. Na hii ni nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili katika Kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika Kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi bidhaa ipasavyo na haki ya kulindwa afya yake.

Hata hivyo, kutafsiri taarifa si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Chukua kitenzi kinachopendelewa na watafsiri, yaani *rejesha*. Kimenyambuliwa kwa usababishi kutokana na *rejea*, na kwacho hupatikana *urejeshaji* wa bidhaa na pia *mrejesho*, yaani maoni yanayomrudia mtoa ujumbe. Udugu huu unapendeza, kwani unaziweka pande mbili za mawasiliano katika shina moja. Lakini kitenzi hichohicho hakisemi kitu kinarejeshwa wapi. Sentensi "unga umerejeshwa" yaweza kumaanisha kwamba umerudishwa kiwandani kwa kuwa ni hatari, na yaweza pia kumaanisha kwamba umerudi sokoni baada ya kibali kurejeshwa. Maana hizi mbili zinapingana kabisa, na tofauti yake kwa mama anayesonga ugali ni kubwa. Kitenzi *ondoa* pamoja na mahali pake ("umeondolewa sokoni") huondoa utata huo kwa upande wa muuzaji, na *rudisha* ikifuatwa na mahali ("urudishe dukani ulikoununua") humwelekeza mnunuzi. Aidha, *kusimamishwa* kwa kibali na *kupigwa marufuku* si jambo moja, ingawa vyombo vya habari mwaka 2019 vilivichanganya. La kwanza lina mlango wa kurudi.

Upo pia mzozo wa istilahi ya sumu yenyewe. Tanzania imezoea *sumukuvu*, neno ambatani lililoundwa kwa *sumu* na *kuvu*, ambalo msikilizaji hulifumbua mara moja. Nchini Kenya husikika zaidi *aflatoksini*. Wapenzi wa ufasaha watalichagua la kwanza bila kusita, na wana haki, ila wakumbuke kwamba sumukuvu ni jina la jamii nzima na aflatoksini ni mmoja tu wa jamii hiyo. Barua ya Machi 2021 ilitaja pia fumonisini. Tangazo la radio laweza kusema sumukuvu na likatosha. Cheti cha mpakani hakiwezi.

Mpakani utata huongezeka kwa sababu Kiswahili chenyewe kinabadilika mtu anapovuka lango. Neno *posho* kwa Mganda ni ugali wenyewe. Kwa Mtanzania ni malipo ya kujikimu. Kwa Mkenya hukumbusha kinu cha kusagia. Tahadhari dhidi ya "posho yenye sumu" ingeeleweka kwa namna tatu katika barabara moja. Wasamia wa Busia na Wateso wa Malaba wanaishi pande zote mbili za mpaka na wana lugha zao za nyumbani, lakini sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na dereva atokaye Mombasa. Mpaka huu si mgeni katika uundaji wa maneno: husimuliwa kwamba *bodaboda* lilianzia kwa waendesha baiskeli waliowabeba abiria kutoka boda moja hadi nyingine. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, kiliwakutanisha maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Tahadhari za bidhaa bado hutolewa na shirika la kila nchi peke yake, KEBS huku na UNBS kule.

Njia ya mrejesho iliyopo ni ya kutia moyo kiasi. Mnunuzi nchini Kenya aweza kutuma ujumbe mfupi kwa namba 20023, akiandika herufi SM, alama ya reli na namba ya kibali iliyo chini ya nembo ya ubora, naye hujibiwa kama kibali ni halali. Kwa namna fulani hiyo ni wijeti ya asiye na intaneti. Lakini namba fupi za aina hiyo hutegemea mitandao ya nchi husika, kwa hiyo mnunuzi aliyevuka kutoka Uganda akiwa na laini ya kwao hana pa kuuliza.

Ugumu mwingine ni wa kimsingi zaidi, nao ni ule wa fungu. Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria iliposema imegundua kemikali yenye sumu katika dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin, Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya iliagiza kuondolewa kwa fungu namba 329304 pekee. Mzazi aliweza kuitazama chupa, akasoma namba, akajua. Gorogoro la mahindi katika soko la Busia halina namba. Mahindi ya wakulima kumi humiminwa katika gunia moja, huvushwa, huuzwa kwa kipimo na kusagwa kwenye kinu cha mtaani, na unga unaotoka humo hauna chapa, hauna tarehe wala pa kuurudisha. Isitoshe, aflatoksini haionekani kwa macho wala haiondolewi na moto wa ugali, na usagaji huzificha punje zilizoota kuvu ambazo jicho lingeweza kuziona.

Kwa unga wa namna hiyo tahadhari ya kurudisha bidhaa hufika ikiwa imechelewa, hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha kiasi gani. Ujumbe unaoufaa ni ule unaotangulia kinu: punje zikaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, zisianikwe juu ya ardhi tupu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zichaguliwe na kutengwa. Maneno ya kuyaeleza hayo, *kuanika*, *kupepeta*, *kupukuchua*, *kuchagua*, hayahitaji kamati ya istilahi. Yanasemwa kila siku katika masoko ya Busia na Malaba, pande zote mbili za lango.