Suneka si Kituo cha Kupita Tu

Nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni. Ndivyo walivyonena wahenga, nami nawaunga mkono kwa mikono miwili. Lakini waulize baadhi ya wenzetu hapa shuleni wanatoka wapi. Atakujibu mmoja, "Kisii town." Mwingine atasema ana shangazi Nairobi, kana kwamba umemuuliza habari za shangazi. Jina la Suneka linawakwama kooni kama mwiba wa samaki. Eti Suneka ni kituo cha matatu tu, mahali pa kununua ndizi dirishani kisha safari iendelee.

Mpenzi msomaji, katika makala haya nataka kueleza kwa nini mimi naupenda mji huu na kwa nini naona una urithi unaostahili kulindwa. Sitadai kuwa tuna ngome kama Fort Jesus ya Mombasa au magofu kama ya Gede. Hatuna. Urithi wetu ni wa aina nyingine, na ndiyo sababu wengi huupita bila kuuona.

Kwanza kabisa, tuangalie mahali penyewe. Suneka iko Bonchari, katika kaunti ya Kisii, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, kando ya barabara kuu ya A1. Barabara hii si ya mchezo. Inaanzia kaskazini kabisa kwenye mpaka wa Sudan Kusini, inapitia Lodwar, Kitale, Kakamega, Kisumu na Kisii. Ikitoka kwetu huteremka hadi Rongo, Awendo, Migori na Isebania, mpakani mwa Tanzania. Ukivuka mpaka, mbele yako kuna Tarime, Musoma na Mwanza. Kwa hivyo mtu aliyeketi kando ya barabara hapa Suneka akila mahindi ya kuchoma ameketi kwenye njia inayounganisha nchi tatu!

Isitoshe, tuna uwanja mdogo wa ndege, ambao kila mtu huuita "airstrip". Ndege au helikopta ikitua wakati wa masomo, darasa zima hugeuza shingo kama twiga, hata wale waliosema Suneka haina kitu.

Jambo la pili ni soko. Hapa ndipo utaona sura halisi ya mji wetu. Kutoka vilima vya Gusii huja mikungu ya ndizi, miwa, parachichi, wimbi na mboga kama chinsaga na managu. Kutoka upande wa ziwa, yaani Homa Bay na Migori, huja omena, ngege, mbuta, mtama na vyungu. Mgusii ana ndizi lakini hana ziwa. Mluo ana samaki lakini mvua ya kwao si nyingi kama yetu. Basi kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake anakihitaji. Hiyo ndiyo siri ya soko, wala halikuanza jana. Kabla Mwingereza hajafika, Wagusii walikuwa wakipeleka nafaka na majembe ya chuma waliyoyafua wenyewe kwa majirani zao Waluo, nao wakirudi na mifugo na bidhaa nyingine. Hata neno lenyewe la soko tunalo pamoja: Mluo husema "chiro" na Mgusii husema "echiro". Ikiwa watu wawili wanaliita soko kwa jina moja, ni wazi kwamba wamekutana humo mara nyingi.

Kuhusu lugha, nina maneno zaidi. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, hivyo ni ndugu wa Kiswahili. Sikiliza mwenyewe: nyumba ni enyomba, mti ni omote, nyama ni enyama, mtu ni omonto, na maji ni amache. Jirani zetu Wakuria wa kule Isebania wana lugha inayokaribiana sana na yetu. Dholuo, kwa upande mwingine, ni ya ukoo wa Kiniloti, na mizizi yake iko mbali kabisa. Sasa mama wa ndizi na mama wa samaki watapatanaje bei? Wengine husemezana kila mmoja kwa lugha yake na wakaelewana. Wa ndizi atasalimu, "Bwakire," wa samaki ajibu, "Oyawore." Bei ikiwa ngumu, wote wawili huingia Kiswahili. Si Kiswahili sanifu cha mtihani, mwalimu wangu anisamehe, lakini ni Kiswahili kinachofanya kazi. Sisi wanachama tunaojifunza ngeli darasani tusikicheke. Bila hicho, ugali wa wengi ungeliwa bila kitoweo.

Hapa lazima niseme jambo linalonihusu. Mimi nina nyanya wawili. Mzaa baba ni Mgusii wa hapa hapa, namwita magokoro. Mzaa mama ni Mluo kutoka upande wa Rangwe, namwita dani. Wote wawili walifahamiana sokoni kabla baba hajamwona mama. Kwa hivyo mtu akisema mbele yangu kwamba "watu wale" si watu wazuri, mimi hujiuliza anataka nikate mkono gani, wa kulia au wa kushoto.

Wengine watasema kuchanganyika huku ni mambo ya siku hizi. La hasha! Tuulize historia. Masimulizi ya wazee wa Kigusii yanasema kwamba wahenga wetu walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa kando ya Ziwa Victoria na katika tambarare za Kano karibu na Kisumu, ndipo baadaye wakapanda kwenye vilima hivi. Kila ukoo mkubwa una mnyama wake wa heshima. Mnyama wetu sisi Abanchari ni engubo, yaani kiboko. Hebu fikiria: watu wa milimani, mnyama wao ni wa majini! Kwa maoni yangu, jina hilo ni kama cheti cha kuzaliwa. Linatukumbusha kwamba ziwa si la wenyewe kule mbali. Nasi tulilinywa maji.

Muziki nao unasema hayo hayo. Wagusii wana obokano, ala kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito inayokutetemesha kifuani. Waluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi 8, ila ni ndogo na sauti yake ni nyepesi. Ukiziweka pamoja utadhani ni kaka na dada mdogo. Tatizo ni kwamba vijana wanaojua kupiga obokano ni wachache. Wengi wetu tunaweza kutaja wanamuziki kumi wa Marekani bila kuvuta pumzi, lakini hatuwezi kutaja mpiga obokano hata mmoja wa kijijini kwetu.

Siwezi pia kusahau mawe. Kusini mwetu, si mbali, kuna Tabaka, machimbo ya mawe laini ya Kisii yanayojulikana duniani. Kuna meupe, ya waridi, ya kijivu na meusi. Wachimbaji huyatoa ardhini, wachongaji huyakata kwa panga na visu, kisha wengine, wengi wao wakiwa akina mama, huyasugua kwa msasa ndani ya maji na kuyang'arisha kwa nta. Mchongaji mmoja wa huko, Elkana Ong'esa, alichonga ndege wa amani ambaye yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe la nyumbani limefika Ufaransa, na sisi tunaona haya kutaja tunakotoka!

Na mji wa Kisii wenyewe, ambao wenzetu wanausingizia kuwa kwao, pia ulijengwa na watu wengi. Waliufanyia biashara Wahindi, na Wanubi waliacha jina lao katika mtaa wa Nubia. Ni mji ulioona mengi. Mnamo Januari 1908 Otenyo alimchoma kwa mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote, kwa kuchochewa na Moraa, nabii wa kike aliyechukia utawala wa kigeni. Northcote alipona, na baadaye, mwaka 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Nao Wagusii waliadhibiwa vikali, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Historia hii iko kilometa chache tu kutoka madarasani mwetu.

Sasa nieleze kinachonitia hofu. Urithi wa jengo ukiharibika, ufa huonekana. Urithi wetu ni wa kukutana, na ukiharibika hauonyeshi ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sisi wa kidato cha tatu hatukuwa tumezaliwa. Lakini magokoro husimulia kwamba wiki zile samaki hawakufika, na meza ya dani sokoni ilikaa tupu. Magokoro alikuwa akiifagia kila asubuhi, asije mtu mwingine akaichukua. Dani aliporudi aliikuta safi. Hakuna sanamu iliyochongwa kwa ajili ya kitendo hicho, wala hakuna kitabu kilichokiandika. Lakini mimi nikiulizwa kielelezo cha urithi wa Suneka, nitaonyesha meza ile.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo mawili kwa chama chetu. Kwanza, likizo ijayo kila mwanachama amhoji mzee mmoja wa nyumbani, Mgusii, Mluo, Mkuria au yeyote aliyehamia hapa, aandike masimulizi yake kwa Kiswahili na kuyaleta. Simu tunazotumia kutazama vichekesho zinaweza pia kurekodi sauti ya obokano. Pili, tuache mzaha wa kikabila darasani. Mara nyingi huanza kama kicheko tu, lakini wanasiasa wakija na kipaza sauti hukuta shamba limeshalimwa.

Na ukikutana na mgeni akakuuliza unatoka wapi, usiseme Nairobi. Sema Suneka. Akiuliza Suneka kuna nini, sasa unayo ya kumwambia, na akiwa na muda, mpeleke sokoni. Mwacha mila ni mtumwa. Kwa hayo machache naomba kukomea hapo.